Meli Ikifunga Gati Málaga kwa Siku Moja: Uende Granada, Córdoba, au Ubaki Mjini?

Katika ratiba za meli nyingi za kitalii, siku ya kusini mwa Hispania huandikwa "Málaga (Granada)". Mabano hayo yamewaponza wengi. Mtu akiyasoma hudhani Granada iko ng'ambo ya gati, ashuke ngazi tu aikute Alhambra, ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani. Granada iko bara, kiasi cha kilomita 130 kutoka bandarini, chini ya milima ya Sierra Nevada. Hata ukiwa na gari la kukusubiri langoni, kutoka gatini hadi mlango wa Alhambra ni karibu saa mbili.

Mimi nimeshuka Málaga kutoka melini mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda Granada, ya pili Córdoba na mume wangu, na ya tatu nilibaki Málaga na mama yangu mzazi aliyekuja kunitembelea Uingereza kutoka Mombasa. Kila yakikaribia majira ya joto, ndugu na marafiki walioko Uholanzi, Leicester na hata Muscat huniuliza swali hilo hilo: tukishuka pale, twende wapi? Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwa ujumbe wa sauti. Sasa naandika kwa urefu.

Jibu langu natanguliza. Kama meli inakaa saa 10 au zaidi na miguu yako ni mizima, nenda Córdoba kwa treni. Kama inakaa pungufu ya saa 8, au umeandamana na mzee au watoto wadogo, baki Málaga, wala usidhani umeachiwa makombo. Granada ndiyo niipendayo kuliko miji yote mitatu, na kwa sababu hiyo hiyo nasema usiiendee kwa siku ya meli isipokuwa una hakika ya tikiti ya kuingia katika majumba ya wafalme, tikiti yenye jina lako na saa yako.

Hesabu ya saa

Tuchukue meli inayofunga gati saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni. Kwenye karatasi una saa 10. Lakini asubuhi lazima msubiri ruhusa ya bandari, kisha kuna foleni ya ngazi, kisha kuna mwendo wa gatini. Meli kubwa hufunga upande wa Levante, mwisho kabisa wa bandari, na kutoka huko hadi mjini ni kama dakika 25 kwa miguu. Ukianza safari saa 2:45 umefanya vyema. Jioni nako ngazi huondolewa nusu saa au hata saa nzima kabla ya kuondoka, na mtu mwenye akili hurudi mapema zaidi ya hapo. Mimi hujiwekea saa 10:45. Kwa hiyo una saa 8 kamili za kugawa.

Granada kwa basi la ziara au gari la kukodi pamoja na dereva: kwenda na kurudi ni saa 4, unabaki na 4. Granada kwa basi la kawaida la abiria: teksi hadi stendi, saa moja na nusu au zaidi njiani, kisha stendi ya Granada iko mbali na Alhambra, kwa hiyo teksi nyingine ya kupanda mlima. Ukijumlisha na kurudi ni saa 5 na nusu hivi, unabaki na 2 na nusu. Córdoba kwa treni ya mwendokasi: njiani ni kama saa moja tu, na ukiongeza teksi za pande zote mbili na kusubiri, umetumia saa 3 na nusu, unabaki na 4 na nusu. Málaga: zote 8 ni zako.

Kuna jambo ambalo halionekani katika hesabu hiyo. Ukiwa katika ziara iliyouzwa na meli yenyewe, basi likichelewa meli hukusubiri. Ukijipangia mwenyewe, meli haikusubiri. Itaondoka, na wewe utatafuta njia ya kuifuata bandari inayofuata kwa gharama yako, tena labda bila pasipoti na bila dawa zako zilizobaki chumbani. Sisemi usijipangie. Córdoba nilijipangia mwenyewe na ningefanya hivyo tena. Nasema tu kwamba kadiri mji ulivyo mbali na njia yake ilivyo na viungo vingi, ndivyo thamani ya ziara ya meli inavyopanda. Ndiyo maana Granada kwa basi la abiria, katika siku ya meli, simshauri mtu.

Granada: mlango ninaokuomba uuhakikishe

Mara yangu ya kwanza nilinunua ziara mtandaoni kwa kampuni moja, iliyojitangaza kwa jina la "Alhambra na Granada kwa siku moja". Tulipofika juu mwongozaji alitugawia tikiti zilizoandikwa *Jardines, Generalife y Alcazaba*. Sikujua Kihispania. Tukatembea katika bustani za Generalife, na ni nzuri kweli, maji yakicheza katikati ya mawaridi. Tukapanda mnara wa ngome na kuuona mji wote chini. Kisha tukafika mbele ya mlango mmoja ambapo watu wengine walikuwa wakiingia kwa zamu, na sisi tukaambiwa tikiti zetu hazifiki humo. Huko ndani ndiko kulikokuwa na Alhambra niliyoijia: majumba ya Banu Nasr, ukoo wa masultani wa mwisho wa Granada, Uwanja wa Simba, kuta zilizochongwa. Nilikuwa nimetoka mbali, nikasimama hatua 20 kutoka mlangoni, nikageuka nyuma.

Naeleza haya kwa kuwa kosa hilo bado linawapata watu. Tikiti ya Alhambra iko ya aina kadhaa. Maneno ya kutafuta ni *Palacios Nazaríes*. Yasipokuwepo kwenye tikiti yako au kwenye maelezo ya ziara, hutaingia majumbani. Yakiwepo, yatafuatwa na saa. Saa hiyo ni ya kweli kabisa: watu huingizwa kwa makundi ya kila nusu saa, na ukipitwa na kundi lako umepitwa. Tikiti hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na mlangoni huangalia pasipoti halisi. Baadhi ya meli hukusanya pasipoti za abiria wanaosafiri kwa viza, na sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki ndio hao. Nenda mapokezi usiku wa kuamkia siku hiyo, uombe yako. Usingoje asubuhi. Na tikiti zenyewe huisha mapema, hasa kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 10, kwa hiyo kufika mlangoni ukitarajia kununua ni kupoteza siku.

Nilirudi miaka miwili baadaye, kwa ndege safari hii, nikalala Granada siku mbili. Ndipo nikaingia.

Jengo hilo lilianzishwa na Muhammad ibn al-Ahmar mwaka 1238, lakini kumbi ambazo watu huziota ni kazi ya Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano, katika karne ya 14. Kwenye ukumbi wa mabalozi dari limeundwa kwa zaidi ya vipande 8,000 vya mbao, vikipangwa nyota juu ya nyota kuonyesha mbingu saba. Kwenye Uwanja wa Simba kuna simba 12 wa marumaru wamebeba hodhi, na mzunguko wa hodhi umechongwa shairi la Ibn Zamrak, mshairi na waziri, linalosema jinsi maji na marumaru yanavyofanana hata jicho lishindwe kujua kipi kinachotiririka. Na kila ukutani, mara mia na mara mia tena, maneno yale yale ya ukoo wa Banu Nasr: *wa la ghaliba illa Llah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wageni wengi hupita wakiyaona kama mapambo. Mtoto wa pwani aliyepitia chuoni kwa mwalimu huyasoma. Nilikuwa nimesimama pale, midomo ikinichezacheza, na mzee mmoja wa Kihispania akaniuliza kwa ishara kama nilikuwa nikisoma kweli. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kilichonishika zaidi ni maji. Banu Nasr walichimba mfereji kutoka mto Darro, wakayapandisha maji mlimani na kuyatuliza katika mabirika yaliyonyooka kama kioo, ili jumba lionekane mara mbili. Neno la Kihispania la birika kama hilo ni *alberca*. Ni neno letu, limetoka kwenye Kiarabu hicho hicho. Wakati Yusuf wa Kwanza anajenga, Kilwa ilikuwa na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lenye birika la pembe nane likitazama bahari. Na mtu mmoja alizikanyaga nchi zote mbili: Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kukutana na sultani huyo, kisha karibu mwaka 1350 akapita Málaga kwenda Granada. Yusuf wa Kwanza hakumwona, kwa kuwa sultani alikuwa mgonjwa. Mimi niliyekulia karibu na maghofu ya Gedi nilipolitazama birika la Granada sikujihisi mgeni.

Granada ilisalimu amri kwa wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492. Miaka sita baadaye merikebu za Vasco da Gama zilionekana Mombasa.

Sasa rudi kwenye saa 4 za siku ya meli. Alhambra peke yake, ukiitembea bila kukimbia, huchukua saa 3. Inayobaki ni ya choo, chakula na kulifuata basi. Hutapata muda wa Albaicín, mtaa wa zamani ulio mlima wa pili, ambako kutoka uwanja wa San Nicolás unaiona Alhambra nzima ikibadilika rangi jua likizama. Pale pale jirani kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani ndogo inayotazama upande huo huo. Hutakunywa chai ya mnanaa katika kichochoro cha Calderería. Jua lenyewe likizama, wewe umeshafika baharini. Kwa hiyo anayesema "nitakwenda Granada kwa kuwa pengine sitarudi tena" namwelewa, na akiwa na tikiti ya *Palacios Nazaríes* mkononi aende, tena kwa ziara ya meli. Lakini kama kuna uwezekano wowote wa kurudi siku nyingine na kulala, iwekee Granada siku hiyo nyingine.

Córdoba: treni, kisha kivuli

Treni inaondoka stesheni ya María Zambrano, ambayo kwa teksi kutoka gatini ni dakika 15 hivi. Reli ya mwendokasi ya Málaga na Córdoba ilifunguliwa mwaka 2007. Kabla hujakaa sawa umeshaingia kwenye vilima vya mizeituni, mistari na mistari, hadi macho yanachoka. Nunua tikiti mapema, ya kwenda na ya kurudi, na treni ya kurudi usichague ile ya mwisho inayokufikisha kwa wakati. Chagua iliyo kabla yake. Ikifutwa, bado una nyingine. Tena kumbuka tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu: 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Mume wangu alikuwa karibu kutuchelewesha kwa hesabu hiyo, na tumeishi Ulaya miaka.

Kutoka stesheni ya Córdoba hadi Mezquita, msikiti mkuu wa zamani, ni dakika 20 na zaidi kwa miguu. Wakati wa joto chukua teksi na uhifadhi nguvu.

Msikiti huo ulianzishwa miaka ya 780 na Abd al-Rahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Umayya aliyenusurika Sham wakati jamaa zake walipouawa, akakimbia Afrika Kaskazini yote hadi akavuka na kuwa mtawala huku magharibi. Waliomfuata waliupanua mara tatu. Leo zimebaki nguzo 856. Nyingi ni za kuokotwa: zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu, kila moja na urefu wake na rangi yake. Zilikuwa fupi mno kubeba dari la jengo kubwa hivyo. Mafundi wakapata njia: juu ya kila nguzo wakasimamisha mhimili mwingine, wakafunga matao mawili, moja juu ya jingine, ya matofali mekundu na mawe meupe yakipokezana. Dari likapanda, hewa ikapita, na wewe unayeingia kutoka juani unajikuta katika msitu wa kivuli usioona mwisho wake.

Nenda moja kwa moja hadi mihrabu, upande wa kusini, kabla makundi hayajajaa. Ni kazi ya enzi ya al-Hakam wa Pili, miaka ya 960, na vigae vyake vya dhahabu vilitengenezwa kwa msaada wa mafundi wa Bizanti, dola ya Roma ya mashariki. Kisha geuka nyuma, tembea katikati, na utakutana na kanisa. Simaanishi kikanisa pembeni. Mji ulichukuliwa na Wakristo mwaka 1236 na msikiti ukafanywa kanisa kuu, na kwa karibu miaka 300 umbo lake halikuguswa sana. Mwaka 1523 wakuu wa kanisa wakaanza kubomoa katikati ili wasimamishe kanisa refu jeupe, na baraza la mji lenyewe, la Wakristo, likapinga vikali. Mfalme Carlos wa Tano akaruhusu. Utasimama mahali ambapo mguu mmoja uko kwenye matao mekundu na mwingine chini ya malaika. Mimi nilikaa chini kwenye benchi, sikuweza kuendelea kwa muda. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia tu, "Mke wangu, pumzika, wakati tunao." Na ulikuwapo kweli. Hiyo ndiyo tofauti na Granada ya meli.

Kwa ndugu Waislamu: kusali humo hairuhusiwi, na walinzi husimamia hilo. Ujue mapema ili usikutane na aibu mbele ya watu. Dua ya moyoni hakuna anayeizuia. Jumapili na sikukuu za Kikatoliki mlango hufungwa kwa watalii katikati ya siku kwa ajili ya misa. Kama meli yako inashuka Jumapili, hilo peke yake linatosha kubadilisha uamuzi, kwa sababu ni zile saa ambazo wewe ungekuwa pale.

Ukitoka, vichochoro vya mtaa wa zamani wa Wayahudi vinakusubiri. Ni vyembamba kama vya Lamu na kwa sababu ile ile, kulinda kivuli. Humo kuna sanamu ya Musa ibn Maymun, na karibu na ukuta wa mji ipo ya Ibn Rushd. Wote wawili walizaliwa Córdoba katika karne ya 12, mmoja mwanachuoni wa Kiyahudi, mwingine kadhi na mwanafalsafa wa Kiislamu, na wote walimalizia maisha mbali na hapo. Vuka daraja la Kirumi hadi katikati, utazame nyuma, urudi. Madinat al-Zahra, mji wa makhalifa ulio kilomita chache nje, uache. Unataka nusu siku yake.

Ubaya wa Córdoba ni joto. Mwezi wa 7 na wa 8 si ajabu kuvuka nyuzi 40, na ni joto kavu la bara, lisilo na upepo wa bahari tuliouzoea sisi. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito, miezi hiyo asiende. Mwezi wa 5 ndio wake: watu hufungua nyua za nyumba zao zilizojaa maua ukutani, na hewa yote ni maua.

Málaga: saa 8 bila kutazama saa

Mama ana miaka 71 na magoti yake hayana tena imani na ngazi. Nilimweleza Granada, nikamweleza Córdoba. Akaniuliza, "Na hapa tulipo kuna nini?" Nikagundua kwamba mara mbili nilikuwa nimeupita mji huu kama mlango wa kutokea tu.

Kuna Alcazaba, ngome na makao ya watawala ya karne ya 11, na chini yake uwanja wa maonyesho wa Warumi uliogunduliwa mwaka 1951. Ngome iko mlimani, lakini nyuma ya ukumbi wa manispaa, barabara ya Guillén Sotelo, kuna lifti inayokupandisha hadi ndani. Mama alipanda bila taabu. Matao yale, nyua ndogo, mifereji ya maji sakafuni, harufu ya yasmini: anayekosa Alhambra anapata hapa ndugu yake, mdogo na wa zamani zaidi, bila tikiti ya miezi. Juu zaidi iko ngome ya Gibralfaro, na basi la mji namba 35 hufika. Jina hilo ni Kiarabu na Kigiriki vimeungana, jabali la mnara wa taa. Kutoka juu utaiona meli yako.

Historia ya mji huu ina uchungu ambao waongozaji wengi huupita haraka. Málaga ilizingirwa mwaka 1487, ikashindwa kwa njaa, na wakazi wake wengi wakauzwa utumwani. Nilimsimulia Mama tukiwa juu ya ukuta. Alinyamaza muda, akasema, "Kumbe na hawa yaliwafika."

Soko la Atarazanas ndilo lililompendeza kupita yote. Lango lake ni tao la karne ya 14, la enzi za Banu Nasr, kutoka kiwanda cha kuundia merikebu kilichokuwa hapo. Mama hajui neno la Kihispania, lakini alianza kusoma vibandiko. *Azúcar*. "Hii si sukari?" Ndiyo, Mama. *Aceitunas*. "Zeituni." *Azafrán*, na akacheka kwa furaha: zafarani! Nikamwambia kwamba Wahispania mtu wasiyemtaja jina humwita *fulano*. Basi siku nzima akawa anawaita wapita njia fulani na fulani. Ibn Battuta alisifu zabibu, tini na lozi za mji huu, na vyombo vyake vya udongo vyenye mng'ao wa dhahabu vilivyosafirishwa mbali. Tini na lozi bado zimejaa pale. Soko hufungwa mchana, na Jumapili halifunguliwi.

Mpenzi wa uchoraji ana nyumba alimozaliwa Picasso mwaka 1881, uwanja wa La Merced, na makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2003. Sisi tulikwenda kwa teksi ufukweni Pedregalejo, ambako dagaa wakubwa hutungwa kwenye kijiti na kuchomwa kwa moto wa kuni ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Huitwa *espetos*. Chumvi tu, basi. Mama alimaliza vijiti viwili.

Kuhusu chakula kwa jumla, Málaga ndiyo nyepesi kwa asiyekula nguruwe, kwa kuwa samaki ndiye mwenyeji. Córdoba watakuletea *salmorejo*, supu nzito baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni, tamu sana, lakini juu hunyunyiziwa vipande vya *jamón*, yaani paja la nguruwe. Sema *sin jamón* kabla haijaletwa. Biringanya za kukaanga kwa asali ya miwa zinafaa, ila uliza zimekaangwa kwa mafuta gani. Na vibiskuti viitwavyo *mantecados* viache: *manteca* ni mafuta ya nguruwe.

Suala la viza na saa

Kama meli inagusa Tangier au bandari nyingine ya Moroko kisha inarudi Hispania, mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya kuingia mara moja inakwisha pale meli inapoondoka kuelekea Moroko, na utazuiwa kupanda tangu mwanzo. Tena Moroko na Hispania hazilingani saa katika majira ya joto, kwa hiyo asubuhi ya Málaga hakikisha simu yako inafuata saa ile ile inayofuatwa na meli.

Wanaoshuka Cádiz swali lao ni jingine, Sevilla au Cádiz yenyewe, na hapo majibu yangu hayawafai.

Mwezi wa 5 ujao tunapanda tena, na meli itakaa Málaga kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Nilidhani Mama ataomba soko lake. Jana amenipigia kutoka Mombasa, amesikia habari za nguzo zile kwa mume wangu. "Mwanangu," akasema, "mimi nataka nikaikae hiyo benchi uliyoikaa." Tikiti za treni nimeshakata, kurudi saa 8 na nusu mchana, na stesheni nimeomba kiti cha magurudumu.